Mtawa Asiyetaka Simu

"Takataka," Sigbjørn aliandika kwa penseli, akalipigia neno hilo mstari mara mbili. Alikuwa anaanza na saa janja mpya, ile inayomkumbusha mtu kupumua. "Anayehitaji saa imwambie apumue, basi aache tu kupumua, tujue moja."

Kila wiki aliandika safu yake hivyo, kurasa mbili za karatasi yenye mistari, akazitia kwenye bahasha na kuzituma Oslo kwenye Kitufe, jarida la vifaa vya kisasa. Jina lake halikuchapishwa. Wasomaji walimwita Mtawa, kwa sababu mhariri aliwaambia kwamba mtu huyu hana simu, hana kompyuta, hana hata barua pepe. Akitaka kuongea na mhariri hutumia simu ya ukutani, Jumapili tu, dakika ishirini kamili. Watu wakampenda kupita kiasi. Wao wenyewe walilala na simu chini ya mto, ila waliona raha kusoma kwamba kuna mwanamume mmoja Norwei aliyeukataa ujinga huo.

Na hakuwa mbumbumbu. Vijitabu vya maelekezo alitumiwa kwa posta, akavisoma mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mwendawazimu mwingine anayelifanya, na humo aliona kila kasoro. Mfumo mpya wa uendeshaji wa kompyuta aliuponda kwa sentensi moja: "Umehamisha kila kitu, kama mama mkwe aliyeachiwa jiko lako kwa siku tatu." Friji inayojua kwamba maziwa yamekwisha aliiuliza kama haijui pia njia ya dukani. Kusema kweli alifurahia mno. Safu hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Kabla yake, miaka mitano mizima, hakuwa na cha kuamkia.

Ndiyo maana Jumapili moja moyo ulimpasuka aliposikia sauti ya Ragnhild, mhariri wake.

"Mtawa wangu, mambo yameharibika. Wenye jarida wanasema hupo. Eti nakutunga mwenyewe huku nakunywa kahawa."

"Waambie waje wa..." alianza, kisha akajikatiza. "Waambie wakome."

"Hawakomi, bwana. Jumamosi tuna mkutano wa wasomaji, na simu mpya inaletwa. Njoo uishike mbele ya watu, useme unavyoiona. Usipokuja, safu anapewa dogo mmoja wa Trondheim anayesifia mpaka waya wa chaja."

"Sitoki nyumbani kwa ajili ya kichezeo."

"Basi imekwisha. Nisamehe."

Dakika zilikuwa zinakatika. "Ngoja," Sigbjørn alisema. "Nimuulize Terje. Niko naye hapa. Yeye ndiye mwenye funguo."

Ragnhild akaangua kicheko. "Kumbe hata wewe una wa kukuruhusu!"

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi ngazini. Watu wa Oslo, ukiwaambia kitu ni kipya, hata mswaki wataupangia foleni. Sharti la Mtawa lilikuwa moja: picha marufuku. Wakaliona hilo nalo kuwa jambo kubwa la msimamo, wakapiga makofi kabla hajafungua mdomo. Aliingia na sweta ya sufu iliyotoboka viwiko. Nyuma yake alikuja Terje, jibaba kimya, ambaye alikataa kiti akasimama karibu na mlango. Ragnhild akampelekea mkate wenye jibini la kahawia, akamuuliza kama wao ni ndugu.

"Tumezoeana," Terje alisema, akala.

Jukwaani Sigbjørn aliipokea simu kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa jirani. Akaigeuza. Akatafuta pa kubonyeza, hakupaona. Alipoiinua usoni kioo kikawaka chenyewe, naye akashtuka, na ukumbi mzima ukacheka ukidhani anaigiza.

"Haya, ijaribu," Ragnhild alimhimiza. "Andika mahali popote, itakuonyesha."

Aliandika taratibu kwa kidole kimoja: mtaa mmoja wa mji wa Mandal, namba kumi na tisa. Ikatokea barabara, ukatokea ua wenye mti wa tufaha, ikatokea nyumba ya mbao ya rangi ya njano. Sigbjørn akaisogeza picha karibu zaidi. Akaisogeza tena hadi mlangoni, hata watu wa mbele wakaanza kutazamana.

"Vipi, Mtawa?" kijana mmoja alipaza sauti. "Imekunasa?"

Sigbjørn akainua kichwa. "Takataka," alisema. "Kama hujui kwenu kulivyo, simu itakusaidia nini?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti, na wenye jarida, waliokuja kumuumbua, wakapiga makofi kuliko wote. Ragnhild akamkumbatia akamnong'oneza kwamba safu ni yake mpaka azeeke. Akataka kumzawadia ile simu papo hapo, lakini Terje alishafika, akaichukua kwa upole mkononi mwa Sigbjørn na kuirudisha mezani. "Hawezi kuipokea," alisema. Watu wakashangilia tena.

Walirudi kwa gari, wakatoka nje ya mji.

"Kweli ni takataka?" Terje aliuliza.

"Nimeuona mlango wa mama," Sigbjørn akasema. "Ameupaka rangi ya kijani."

Walifika saa kumi na moja kasoro dakika tano. Akampekua mifuko yote, akamsindikiza hadi chumbani, akamtakia mlo mwema, kisha akafunga mlango kwa nje. Kifungo chake kilikuwa kimebakiza miaka sita.