Saa ya Kunyonyesha

Saa nne ikifika tu, Avelina yuko getini, kifua kimelowa mpaka kanga imemganda.

"Shikamoo, mzee Isdori. Nifungulie."

"Marahaba. Yaani huyo mtoto wako kameza saa!"

Mlinzi Isdori alipenda kumtania. Tajiri aliyenunua ghala lao la maharage kutoka serikalini alipunguza watu nusu nzima, ila jambo moja jema alilileta: mama anayenyonyesha anapewa saa moja kila siku, mshahara haukatwi. Atakayedanganya, kazi hana, na saa inafutwa kwa wote.

Mwezi wa pili Avelina aliomba ruhusa ya siku tatu kwenda kwao Kaoze, ziwani. Aliporudi, Isdori akamdaka: "Samaki wetu wako wapi?" Akapita, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Kesho yake, saa nne, akatoka kama kawaida.

Aliyemshangaza Isdori ni Scola, anayekaa na Avelina kuchambua maharage. Naye ni mzazi. Alijifungua mwaka jana, akalazwa wee, akarudi kazini mifupa mitupu. Lakini saa yake haichukui. Anabaki ndani anachambua lundo lake na la mwenzie, vumbi mpaka kwenye kope.

"We Scola, mwanao anakula upepo?"

"Anashiba, mzee." Halafu macho yanarudi mlangoni, kule alikopitia Avelina akitoka.

Jumatatu tajiri akatoa amri: kila mama alete kadi ya kliniki, Isdori azikague. Asiye na mtoto asirudi tena.

Jumanne, saa nne, wakaja wawili, wameshikana mikono kama watoto wa shule. Avelina akatoa kadi mbili.

"Mzee, zisome zote mbili," Scola akasema. "Usisome moja."

Isdori ana watoto watano, kadi anazijua. Akaanza na ya Avelina. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri tu, mwezi baada ya mwezi, ukafika mwezi wa pili ukakatika. Kuanzia hapo karatasi nyeupe.

Akafungua ya Scola. Huu ulikuwa unashuka, unashuka, mpaka kwenye nyekundu. Mwezi wa pili huohuo, ukaanza kupanda.

Isdori akazikunja, akawarudishia. Akafungua geti.

"Wahi, Avelina," akasema. "Mtoto ana njaa."