Chini ya Ulimi

"Fungua. Inua ulimi."

Clemensi akafungua kinywa. Hyasinta akachungulia kushoto na kulia, kama mnunuzi anayekagua meno ya ng'ombe mnadani. "Safi, shemeji," akasema, akatia alama ya vema kwenye kadi. Ndipo akamsogezea bakuli la uji. Kidonge kwanza, uji baadaye. Hiyo ndiyo ilikuwa amri yake.

Hyasinta alijitolea katika Jirani Mwema, kikundi kilichohudumia wagonjwa wa kifua kikuu vijijini Karatu. Kwenye semina ya mwaka 2006, muuguzi wao Anneth aliwafundisha mengi: kufungua madirisha, kuangalia chini ya ulimi, kutoshtuka mkojo wa mgonjwa ukiwa mwekundu kama chai ya rangi, maana dawa ndivyo ilivyo. Majina ya wagonjwa yalipogawiwa, Hyasinta mwenyewe aliomba apewe Clemensi. Wenzake walitazamana.

Kijiji kizima kilijua. Clemensi alikuwa mume wa Brigita, mdogo wake Hyasinta. Brigita alipoanza kukohoa damu, mumewe alimhamishia kwenye banda la ndama na kukataza asipelekwe hospitali, eti majirani watasema nini. Alifia humo mwezi wa saba, na baridi ile ya kijiji chao cha Rhotia, bila blanketi. Hyasinta ndiye aliyemkuta asubuhi, ndama akimlamba mkono. Alimchukia Clemensi siku ile, na aliendelea kumchukia hata kanisani walipopeana mkono wa amani.

Sasa ugonjwa uleule ulikuwa umemrudia mwenye banda. Malipo ni hapa hapa duniani.

Hakuna jirani aliyekanyaga kwake. Bila Hyasinta angekufa kwa njaa, na Clemensi alilijua hilo. Lakini Anneth alipokuja kumtembelea, mgonjwa alimng'ang'ania mkono.

"Sista, yule mama ataniua. Ananilisha sumu."

Anneth hakumdharau, kwa sababu alimwona anazidi kukonda. Akatoka kwenda uani alikokuwa Hyasinta, akamwaga vidonge vya mgonjwa kwenye ungo na kuvilinganisha kimoja kimoja na vile alivyokuja navyo. Vilikuwa vilevile vya serikali.

"Nisamehe, dada, ilibidi," akasema kwa aibu. "Na mkojo?"

"Mwekundu kama chai," akajibu Hyasinta, kopo la mgonjwa likiwa bado mkononi mwake.

Anneth akarudi ndani. "Dawa ni nzuri, baba. Meza tu. Anakufulia, anakupikia, hata kopo lako hakubali mtu mwingine amwage. Ndugu yako gani angefanya hivyo?"

Clemensi akageukia ukutani. Tangu siku hiyo, padri alimtaja Hyasinta kwenye mahubiri, na wanawake walimpisha kisimani.

Clemensi alikufa wiki ya kumi, kitandani kwake, chini ya mablanketi mawili. Kadi yake ilikuwa imejaa alama, haikurukwa hata siku moja.

Wanawake wa kikundi walipolitoa godoro lake ili walichome, lilichanika upande wa ukutani. Vidonge vikamwagika nyasini, vingine vimeshikana kwa mate yaliyokauka. Vilikuwa vya wiki nyingi.

Anneth akachuchumaa, machozi yakimtoka. "Masikini! Alikuwa anavificha kinywani, ukiondoka anavitema. Woga wake mwenyewe ndio uliomuua. Amekudanganya, Hyasinta. Usijilaumu."

Hyasinta alijifunika uso kwa kanga. Wenzake wakambembeleza, mmoja akamletea kigoda, lakini hakukaa. Aliliokota lile kopo mlangoni, akaenda kulisuuza kwa mara ya mwisho nyuma ya banda la ndama. Hapo ndipo alipolimwaga kila asubuhi kwa wiki zote zile, na tangu siku ya tatu mkojo wa Clemensi ulikuwa mweupe kama maji.