Mpira wa Kumwagilia Mchicha

Mfunza mbwa alimrudisha Popo akiwa amekonda, mkia ameufyata.

"Sasa huyu ni mlinzi, mama," alimwambia Eludia, huku akijipigapiga pajani kwa kipande cha mpira wa maji. "Chakula chake kitie pilipili. Akikaidi, mwonyeshe mpira tu, atanyooka."

Eludia alishukuru. Alikuwa amechoka na mbwa wa kuchekea kila mgeni, aliyedekezwa na binti yake Sekela kwa vipande vya ukoko. Keti, ukoko. Ngoja, ukoko.

Mfunzaji alipoondoka, Eludia alimfungua mbwa mnyororo, akaingia jikoni. Alipochungulia dirishani, Sekela alikuwa ameshatoka shule, na kama kila jioni, ameokota mpira kumwagilia mchicha. Mbele yake alisimama Popo, meno nje, miguu ya nyuma ikitetemeka. Alikuwa amejikojolea.

"Sekela," Eludia alisema kwa sauti ya chini, "usikimbie, mwanangu. Weka chini huo mpira."

Sekela aliulaza mpira taratibu. Lakini badala ya kurudi nyuma, akachuchumaa, akatoa mfukoni ukoko aliomwekea rafiki yake, akaunyoosha mkono.

"Keti, Popo."

Mbwa alinguruma. Eludia alizikamata nondo za dirisha kwa mikono miwili.

Maji yalitambaa kati yao. Polepole makalio ya Popo yalianza kushuka, yakasita, na meno yake bado yalikuwa nje, karibu kabisa na vidole vya mtoto.