Chupa Sita Ndani ya Sufuria

Chupa sita za plastiki za maji zilikuwa zimetoweka ndani ya sufuria. Atuganile, mwalimu wa kemia wa Sinza, alizima jiko.

"Umeziyeyusha tu, mwalimu," alisema meneja wa kiwanda cha rangi, aliyekuja kumpima kabla ya kumpa kazi. "Hata mkaa unayeyusha plastiki. Mie natafuta mkemia, sio mpishi."

Hoja hiyo ilikuwa na kipimo chake. Plastiki iliyoyeyuka tu ikikutana na maji huganda na kuwa donge. Hii alikuwa ameichemsha kwa saa nne katika glikoli, ile dawa ya rejeta ya gari, pamoja na kichocheo: magamba ya zinki ya betri yaliyolowekwa kwenye siki. Kama imevunjika kweli kikemia, ingeyeyuka majini kama sukari.

Alimimina maji ya moto. Donge halikutokea. Akachujia kwenye bakuli kwa chujio la tui, akaliweka juu ya barafu.

"Usiliguse, bosi."

Sindano nyeupe za fuwele, ambazo plastiki iliyoyeyuka tu haitoi, zikaanza kuota ukingoni, nyembamba kuliko unywele, zikielekea katikati. Meneja alivaa miwani, akainama.

"Jumatatu asubuhi uje na vyeti."

"Jumatatu nina vipindi," alisema Atuganile. "Nitakuja Jumanne."