Kukata Maneno ya Kiyunani

"Me-ta-mo-fo-si," Mwanamize alisema, akipiga kofi kwa kila kipande.

Mumewe, Mwalimu Kificho, akacheka. "Met-a-mor-pho-sis. Weye wakata Kizungu kama wakata muhogo."

Kificho alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kupanda daraja, na mtahini alijulikana kwa ugonjwa wake: alipenda maneno marefu ya Kiingereza yaliyotoka kwa Wayunani, na aliyataka yakatwe silabi kwa silabi. Basi kila jioni, nyumbani kwao Wawi, Kificho aliyasoma kwenye kamusi kwa sauti na mkewe akayarudia. Mwanamize hakujua Kiingereza. Kila silabi aliimaliza kwa irabu, kama ulimi wetu ulivyozoea, na kila mara mume alimsahihisha. Kificho akifurahi kweli. Mtu hujiona bingwa akiwa na wa kumkosoa.

Ilikuwa ndiyo raha pekee iliyobaki nyumbani mle. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mimba ya kwanza iharibike na Mwanamize apelekwe hospitali, akapasuliwa hajijui. Tangu hapo hakushika mimba tena. Hata damu ya mwezi ilikatika, na mganga akasema imefungwa na jini. Mama mkwe naye hakumung'unya maneno: mfungo wa Ramadhani ukiisha bila ya mimba, Kificho ataoa mke mwingine, Siti, na huyo mgumba arudi kwao Tumbe.

Maskini Mwanamize alikunywa kila alichopewa. Dawa iliyokuwa chungu kuliko zote, Kificho mwenyewe aliifuata kisiwani Fundo, akamshikia kikombe mpaka tone la mwisho. Majirani walimsifu wakachoka. Mume mwenye subira kama yule, walisema, hapatikani Pemba nzima.

Mfungo ulikuwa umebakisha siku chache kumalizika. Jioni hiyo baada ya futari walikata maneno mengi, hata lile la elimu ya samaki ambalo lilimkwama Mwanamize kooni kama mwiba. Kificho akafunga kamusi, akasema yatosha.

"Nna langu moja," Mwanamize alisema. Akapiga makofi polepole. "Hi-ste-re-kto-mi."

"Hys-ter-ec-to-my," Kificho alimsahihisha papo hapo, kwa mazoea.

Mwanamize akamwuliza maana yake. Kificho akajibu, bila ya kumtazama, kwamba haijui. Hayo ni maneno ya madaktari na hayamo katika mtihani wake.

"Khairiya, nesi wa hospitali ile niliyopasuliwa, kanambia," Mwanamize alisema. "Ni mwanamke kutolewa kizazi. Miye nilitolewa siku ile, na weye uliambiwa."