Samaki Aliyelala Udongoni

Wanyama wa bonde moja walikuwa na kundi lao la mtandaoni, na aliyependa zaidi kutuma habari humo alikuwa Chiriku. Kila alipokutana na ajabu ya sayansi, mabawa yalimcheza kwa furaha, asitulie mpaka wote waisome.

Siku moja ya ukame akaandika: "Jamani! Kuna samaki anaitwa kamongo! Bwawa likikauka hujizika topeni, akalala miezi na miezi mpaka mvua imwamshe!"

Pelele, mnyama mdogo kama sungura na mbishi wa kila jambo, alikuwa ameketi katikati ya bwawa kavu akiota jua. Akajibu papo hapo: "Samaki bila maji? Uzushi mtupu! Mwenyekiti, mtoe huyu kundini."

Nyati, mwenyekiti, akakubali. "Chiriku, usipoleta ushahidi leo, nakutoa."

Chiriku akaruka mbio hadi bwawani. "Kaka Pelele, nakusihi, kundi hili ndilo raha yangu..."

Hajamaliza, mvua kubwa ikamwagika. Udongo ulipolainika, Pelele akahisi anasukumwa kutoka chini. Akaruka kando, na kichwa chenye utelezi kikachomoza.

"Samahani, bwana," Kamongo akasema huku akipiga miayo, "ulinikalia."

Chiriku akapiga vigelegele. Pelele akapiga picha na kuituma: "Jamani, hamtaamini nilichokiona!"

Nyati akajibu: "Hiyo ni picha ya samaki tu kwenye matope. Pelele, na wewe umeanza uzushi?"

"Dada Chiriku," Pelele akaomba, "njoo unisaidie kuwaeleza."

Chiriku akatua begani kwake, wakaandika pamoja.