Fidla za Mwalimu Eustache

Mtangazaji alianza kucheka kabla hajamaliza kusoma kadi.

"Mwalimu Eustache wa Kabeza, tena! Anaomba fidla za Wazungu, kwa ajili ya mke wake Spéciose. Mwalimu, Jumapili watu wanataka kucheza, hawataki kusinzia!"

Akapiga gitaa la Zaire, na wote waliokuwa wakisikiliza redio dukani kwa Mugenzi wakaangua kicheko. Eustache alichukua sabuni yake akaondoka na heshima zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye kwa hizo fidla alikuwa ameinama mpaka mgongo unamuuma.

Chanzo cha yote ni padri mmoja Mbelgiji. Eustache alifundisha shuleni kwake miaka mingi, na jioni walikuwa wakikaa pamoja kusikiliza santuri. Padri alipozeeka na kurudi kwao, Eustache aliota gramafoni. Akaachiwa katalogi. Ilikuwa katalogi nene ya kampuni ya santuri ya Ujerumani, yenye namba, maelezo na picha za watu wenye nywele zilizotimka. Muziki wenyewe ulipanda ndege na padri.

Mtu mwingine angeifungia karanga. Eustache aliitunza kama kitabu cha sala. Kila baada ya chakula aliifungua, akachagua namba, akamwimbia mkewe kwa mdomo: fidla kwa pua, filimbi kwa mluzi, ngoma kwa kugonga meza.

"Papa Gaju," Spéciose alimwuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao, "hii ya leo iko ya harusi ama ya mazishi?"

"Ya mapenzi!"

"Ayi we! Basi hawa Wazungu wanapendana na huzuni mingi."

Walicheka. Lakini siku hizi Spéciose alikuwa akigeuza kichwa ndipo asikie. Sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa, na la kulia, daktari alisema, linafuata. Hapo ndipo mzaha ulipomwisha Eustache. Mwanamke huyu alikuwa amevumilia kuimbiwa kwa pua maisha yake yote ya ndoa, na kitu chenyewe hajawahi kukisikia hata mara moja. Alitaka asikie walau ile ya ukurasa wa mwisho, fidla mbili zinazojibizana, kabla ukimya haujamfunika. Lilimuuma sana jambo hilo, kuliko kicheko cha Mugenzi.

Na santuri zilikuwepo! Mpwa wake Illuminée alikuwa mfagiaji pale redioni, na aliziona kwa macho yake, kabati zima.

"Ziko, tonton. Zile zile za kampuni yako. Lakini hawagusi. Wanasema iko za siku kubwa."

"Siku kubwa gani? Noeli hawapigi, Pasaka hawapigi!"

"Mimi nafagia tu, tonton."

Basi Eustache akaendelea kupeleka kadi. Kila kadi aliandika namba ya santuri, ukurasa wa katalogi, na chini yake: "Tafadhali, mapema iwezekanavyo." Kila Jumapili wakamcheka.

Ikaja Alhamisi moja ya masika. Usiku kulikuwa na mishindo upande wa Kanombe, lakini Kanombe, kando ya uwanja wa ndege, kuna kambi ya jeshi, na katika miaka ile ya vita, aliyetaka kuamka kwa kila mshindo asingelala. Alfajiri Eustache alifungua redio asikilize habari.

Hakukuwa na habari. Kulikuwa na fidla.

"Mama Gaju! Amka, amka!"

Alimketisha kitandani, akambania redio kwenye sikio la kulia. Muziki ule ulipoisha hakikufuata kicheko wala gitaa. Ukafuata mwingine wa aina ile ile. Eustache akafungua katalogi, akawa anazifuata kwa kidole: hii hapa, na hii hapa, jamani, hata hii!

"Wamesoma kadi yako," alisema Spéciose.

"Wamesoma zote mara moja!"

Alichungulia dirishani atafute wa kumringia. Barabara ya uwanja wa ndege ilikuwa tupu. Muuza maziwa hakupita. Mlango wa duka la Mugenzi, ambao hufunguliwa hata kabla ya jogoo, ulikuwa umefungwa.

"Unaona? Kabeza yote iko ndani, inasikiliza! Hata Mugenzi amefunga duka!"

"Yewe, nyamaza na sisi tusikilize."

Ndipo ikaja ile ya ukurasa wa mwisho. Fidla ya kwanza iliuliza, ya pili ikajibu, na Spéciose akafumba macho. Kisha akaupapasa mkono wa mumewe, akaubana.

"Kumbe iko nzuri hivi," alisema, machozi yakimtoka. "Kumbe ulikuwa unaimba vibaya tu!"

Eustache alicheka na kulia kwa pamoja. Tangu siku ya harusi yao hakuwahi kufurahi namna ile, na hakuona haya hata kidogo.

Fidla zikanyamaza. Mtangazaji akakohoa, yule yule wa Jumapili, na Eustache akaongeza sauti mpaka mwisho ili jina lake lisikike mtaa mzima.

"Ndege ya Rais ilitunguliwa jana usiku ikitua Kanombe, na Rais amefariki," ilisema redio. "Kila mtu abaki ndani ya nyumba yake, asitoke."

Kisha mtangazaji akaweka santuri nyingine.